Panya kwenye Vichaka vya Mama Gunvor

Kama habari za Leokadia na wale panya hazijakufikia, basi kaa chini, maana Tensta nzima, huku pembeni mwa Stockholm, wanazo isipokuwa wewe!

Leokadia ni Mhaya wa Kamachumu, alikuja Stockholm kusomea uuguzi, akabaki. Ghorofa ya chini yake aliishi bibi wa Kiswidi, Gunvor, mjane wa miaka themanini na mbili. Waswidi huitana majina matupu, hata mwanafunzi na mwalimu wake, lakini Leokadia ulimi ulimgomea. Akamwita Mama Gunvor, na bibi akalipenda jina hilo kuliko lake.

Oktoba ya mwaka themanini na sita Mama Gunvor akateleza kwenye ngazi, nyonga ikavunjika. Pale hospitali hata nyonga hakuiulizia. Aliulizia vichaka vyake vitano vya vinbär, yale matunda madogo meusi ya kutengenezea juisi, ambavyo marehemu mumewe Bertil alivipanda kwenye bustani ya kukodi nyuma ya majengo. Watoto hawakujaliwa. Vilivyobaki ni hivyo vichaka.

"Nitakutunzia mpaka urudi," Leokadia akaahidi.

"Usifanye kitu," bibi akasema. "Theluji ikielemea matawi, itikise taratibu. Basi."

Basi! Sasa nani anamwambia Mhaya asifanye kitu shambani? Kwao, mgomba au mbuni usiotandaziwa nyasi ni aibu ya mwenye kibanja. Wapita njia watasema nyumba hii haina watu. Leokadia alivitazama vile vichaka, vimepukutika, viko uchi, na baridi yenyewe ndiyo kwanza inapiga hodi. Huruma ikamshika. Akafyeka nyasi kavu magunia manne, akavifunika mashina mpaka kiunoni, akazishindilia vizuri, kama unavyomfunga mtoto mwenye kikohozi. Alipomaliza alisimama pembeni akajisifu.

Baridi nzima, kila Jumapili akitoka misa, huyo na ufagio wake, theluji magotini, anagusa tawi moja moja theluji idondoke. Kisha mbio hospitali.

"Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wamelala."

Na Mama Gunvor alikuwa anacheka hadi wauguzi wanageuka!

Machi theluji ikaanza kuyeyuka. Leokadia akaenda kufunua nyasi na rafiki yake Robinah, Mganda wa Rinkeby, mtaa wa jirani. Akainua fungu la kwanza. Lo! Viota. Panya wa shambani walikuwa wamejifungulia hoteli mle ndani: joto lipo, theluji ni paa, na chakula ni ukuta wenyewe. Magome yametafunwa kuzunguka shina lote, mti umebaki mweupe kama mfupa. Kichaka cha pili vilevile. Vyote vitano.

Leokadia akakaa kwenye theluji, puu.

"Banange! Leokadia, usilie," Robinah akasema. "Sema ni sungura."

"Sungura gani?"

"Yeyote! Wamejaa hapa. Nani atamwita aje kujitetea?"

"Robinah, yule mama hana kingine."

"Ndiyo maana! Akijua ni wewe, atakufungulia mlango tena?"

Hapo ndipo palipomchoma. Miaka sita yuko Stockholm, na mlango wa Mswidi aliokuwa akiugonga bila miadi ulikuwa huo mmoja tu.

Akavunja tawi moja, akalibeba hadi hospitali ndani ya koti. Mama Gunvor akalipokea, akapitisha kidole pale palipotafunwa. Akasema mwenyewe:

"Sungura."

Wee! Kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa tu. Leokadia alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Hapana, mama. Ni panya. Na aliyewatandikia kitanda ni mimi. Niliweka nyasi."

"Nilikuambia usifanye kitu."

"Uliniambia."

"Kwenu kutofanya kitu ni kazi ngumu kiasi hicho?"

"Kwetu hatuna hata neno lake, mama."

Bibi hakucheka. Aligeukia dirisha, na Leokadia alitamani sakafu immeze.

"Vyote?" bibi akauliza, bado amegeuka.

"Vyote. Lakini mizizi ni mizima. Baba yangu mbuni ukizeeka huukata karibu na ardhi, unachipua upya. Mwaka wa kwanza hupati kitu. Wa pili unaanza kuzaa."

"Nina miaka themanini na mbili. Unaniambia ningoje miwili?"

"Ndiyo, mama."

Bibi akajimiminia maji, akanywa, akaiweka bilauri.

"Bertil alikuwa akikata mashina makuukuu kila mwaka," akasema. "Mimi ndiye niliyeshindwa kuyagusa baada yake. Jumamosi. Na mimi nije."

Jumamosi wakamtoa kwa ruhusa ya daktari, Robinah anasukuma kiti cha magurudumu kwenye tope huku akilaani kwa Kiganda. Leokadia akapiga magoti na msumeno.

"Chini zaidi!" Mama Gunvor akafoka kutoka ndani ya mablanketi. "Unakata kichaka au unanyoa ndevu?"

Akakata chini zaidi. Matawi ya Bertil yakaanguka moja moja. Bibi akafuta macho kwa ncha ya blanketi, akapenga, akanyoosha kidole.

"Kile cha pembeni umekiruka. Usinionee huruma, mwanangu. Kata."