Nani Atamsemesha Mwanangu

Wallahi mimi sikuwa na ugomvi na barakoa. Vaa, usivae, ivalie hata magotini, hayanihusu. Ugomvi wangu ulikuwa mwalimu kufunika mdomo mbele ya binti yangu Shadya, ambaye masikio yake yalikwenda na homa akiwa darasa la kwanza. Shadya anasikia kwa macho. Unaongea, anakutazama midomo, anakujibu, na ukimchosha anakukatisha kabla hujamaliza. Darasani alikuwa haachwi nyuma na mtu. Nilikuwa najivunia yule mtoto, kwa nini nifiche?

Raya alikuwa na lake. Raya ni jirani yangu, na pale sokoni Mkuyuni meza zetu zinagusana, mimi mananasi, yeye mdalasini na pilipili manga. Mwanawe Hafidhi, aliyesoma darasa moja na Shadya, alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Mtoto wa kulazwa na kutoka, kulazwa na kutoka. Mafua ya mwenzake kwake yalikuwa safari ya hospitali. Korona iliporudi, na misiba ikawa inatajwa kwa kunong'ona, mara kifua, mara presha, Raya akasema shule nzima ivae, watoto na walimu.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Severini, akaitisha kikao cha wazazi. Jamani, kikao kile! Huyu anasema tumeshajifukiza majani ya mpera na malimao, korona itapita wapi. Yule anasema mtoto atazibwa pumzi afe. Ndipo Raya akasimama. "Wangu akifa kwa kikohozi cha wenu, nani kati yenu atanirudishia?" Vichwa vikaanza kuitikia. Mimi nikaona kule kuitikia kunamfukuza Shadya shule, nikainuka.

"Na wangu je? Mkishafunika midomo, nani atamsemesha mwanangu?" Nilipiga kelele mpaka watoto waliokuwa wanacheza nje wakajazana madirishani, na Hafidhi akiwa mbele yao. "Mwenye mtoto mgonjwa amweke nyumbani, asitufunge midomo sote!"

Raya akanigeukia taratibu, akaniita jina. "Mosi, wako amekosa masikio. Wangu atakosa roho."

"Nyoo! Roho anatoa Mungu, hatoi mwalimu mkuu."

Mdomo huponza kichwa, waliosema walijua. Kura za mikono zikapigwa, Raya akashinda. Mwalimu Severini akaniahidi kwamba kila kitu kitaandikwa ubaoni. Tangu siku ile mimi na Raya tukawa tunauza bega kwa bega bila salamu, mteja akituuliza kulikoni, kila mtu anapanga bidhaa zake.

Shadya alianza vibaya. Anarudi shule macho mekundu, ukimuuliza leo mmesoma nini anainua mabega. Ubaoni wanaandika nusu, nusu wanasema kwa mdomo, na mdomo uko nyuma ya kitambaa. Nilikuwa nalia jikoni peke yangu. Kisha, sijui imekuwaje, mtoto akachangamka. Akaja ananisimulia habari za mito na milima, hesabu anazifanya huku anaimba kwa ile sauti yake isiyojua juu wala chini. Nikasema ahaa, walimu wamenihurumia, wanashusha barakoa kidogo. Basi nikawa natembea sokoni kifua mbele, Raya namwangalia kwa pembe ya jicho.

Msimu wa baridi Hafidhi akashikwa na kifua. Meza ya Raya ikabaki tupu. Niliambiwa wamempeleka mjini, hospitali, yuko kwenye oksijeni. Nikataka kwenda, nikaona haya. Nikamwombea kwa Mungu kimyakimya, mpaka siku ile Abdulswamad, kaka yake Raya, aliposimamisha pikipiki mlangoni kwangu. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Akija mwenyewe, hujui kukataa.

"Dada Mosi, najua hamuongei," alisema. "Mtoto anataka kusema kitu, sauti imekwisha. Nipe Shadya akamtazame."

Tukapanda wote watatu pikipiki moja.

Wodini hawakuturuhusu kuingia. Kitanda cha Hafidhi kilikuwa karibu na dirisha, tukasimama barazani nje ya kioo. Raya alikuwepo, barakoa usoni, macho yamevimba. Alimshika Shadya mkono akamsogeza kwenye kioo. Ile oksijeni wanaivalisha kwa plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, midomo ya mtoto ilionekana, ikifunikwa na mvuke, ikionekana tena.

"Anasema maji," Shadya alisema, kwa sauti ya kusikika baraza nzima. Nesi aliyekuwa ndani akasikia, akamlowesha midomo. Shadya akatazama tena, akakunja uso.

"Anasema, mwambieni mama asinipige. Barakoa sikuvua."

Raya akaangua kilio. Shadya hakumsikia, alikuwa anatazama kioo. Akagonga kwa kidole, akamfokea mwenzake kama wako kwenye mchezo wa mdako. "Muongo wewe! Ulikuwa unavua! Mwalimu akisema, wewe unavua, unanirudishia maneno yake!"

Jamani. Nilitamani baraza ile ipasuke nididimie. Kumbe si walimu. Alikuwa yeye, kila siku, kila somo, kitambaa chini, anamsemesha mwanangu.

Raya akamgeuza Shadya kwa mabega, akashusha barakoa yake mwenyewe ili mtoto amwone mdomo. "Mwambie sina hasira. Mwambie mama hana hasira naye."

Shadya akabandika uso kwenye kioo, akatamka pole pole bila sauti. Hafidhi alimwelewa. Aliitikia kwa kichwa, kidogo sana.

Alfajiri yake akafariki. Daktari alisema kifua na ile damu yake vimekutana. Kifua hicho alikokipata hakusema, na nani angeweza kusema? Tukamzika Mkuyuni. Nilipika na wanawake wenzangu, nikaosha vyombo, Raya sikumsogelea.

Baada ya kuanua matanga Shadya akanifuata jikoni. "Mama, ni mimi niliyemuua Hafidhi?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, hapana. Akautazama mdomo wangu muda mrefu. Kisha akatoka, akavuka ua, akaingia kwa Raya. Nilisimama mlangoni. Nilimwona Raya anakaa chini, anamweka magotini, anamsemesha usoni, na wote wawili wanalia.

Aliporudi nikamshika kidevu. "Amekwambiaje?"

"Amesema si mimi. Amesema niende kila siku, nimsomee."

"Na mimi je? Mimi amenisemaje?"

Shadya akafikiri, nikaona anataka kunifurahisha.

"Wewe hakukutaja, mama."