Chuma cha Paja la Baba

Baba yangu, Mughwai, alikuwa na chuma pajani. Alivunjika mguu akifanya kazi ya reli Manyoni, na daktari akaushika mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, kisha akashona nyama juu yake. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, watu wakaanza kusema risasi haiwezi kumwingia Mughwai. Baba alicheka tu. Hakuwakatalia.

Wezi wakaja wakaswaga ng'ombe wa zizi la kijiji. Mwano, yowe la kuitana, ukapigwa, wanaume wakatoka na mikuki.

"Mughwai, tangulia," akasema Mwenyekiti Melkiori.

"Wale wana gobore, Mwenyekiti."

"Ndiyo maana unatangulia wewe! Au hicho chuma ni cha kusongea ugali?"

Walicheka wote. Baba akatangulia, akichechemea.

Risasi ilimpiga palepale pajani. Daktari aliniambia kama ingepita kwenye nyama tupu, labda mguu ungepona. Lakini iligonga chuma ikapasuka, vipande vikatawanyika ndani kama mtama uliomwagika. Chuma kikapinda, skrubu zikang'oka na mfupa. Mguu ukakatwa. Nilikiomba kile chuma, nikakifunga kwenye kanga.

Siku tuliyorudi kutoka hospitali, nilimkuta Melkiori mkutanoni. Nilikuwa namsukuma baba kwenye mkokoteni.

"Mnamwona?" Melkiori akapaza sauti. "Kapigwa gobore na yuko hai! Chuma kimemwokoa. Jumamosi tunawafuata tena wale wezi. Mughwai, tutakusukuma hivyohivyo, utangulie."

Watu wakapiga makofi. Baba akatazama chini, pale mguu ulipokuwa.

"Sawa, Mwenyekiti," akasema.

Sikuwa nimewahi kusema neno mkutanoni. Siku ile nilisukuma watu, nikafika mezani kwa Melkiori.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Hana. Una shida gani?"

Nikafungua kanga, nikakiweka kile chuma mbele yake. Kilikuwa kimepinda kama jembe lililogonga jiwe, na kipande cha risasi kimegandia juu yake.

"Kumbe kinaokoa," nikasema. "Basi kichukue. Jifunge pajani, Jumamosi utangulie wewe."

"We mtoto, heshima yako iko wapi?"

"Kichukue, Mwenyekiti! Si umesema kinaokoa?"

Hakuna aliyecheka. Melkiori aliuficha mkono wake mfukoni. Nikageuza mkokoteni, nikampeleka baba nyumbani. Chuma nilikiacha palepale.

Jumamosi hakuna aliyekuja kumwita.