Maji ya Kisima cha Abizer

Shikamoo ya Gertruda haikuitikiwa. Mzee Abizer, mwenye ndege, alichungulia nyuma yake kana kwamba mnunuzi halisi bado yuko garini, kisha akauliza fundi yuko wapi.

"Fundi ni mimi, na mnunuzi ni mimi," alisema Gertruda, akatega ngazi yake.

Ilikuwa ndege ya mizigo yenye injini moja, ya miaka kumi na minane, imeegeshwa kwenye kiwanja cha nyasi huko Makurunge. Ilikuwa imepakwa rangi juzijuzi tu, na Gertruda alichukia rangi mpya kuliko kutu, maana kutu angalau haijifichi. Alifungua kifuniko cha injini bila kuomba ruhusa.

"Taratibu na mali ya watu," Abizer alifoka. "Upepo wa bahari unaleta chumvi, ninyi watu wa bara hamyajui haya. Injini hii inaoshwa kila siku ikishatua. Miaka sita sasa, hatujaacha kuiosha hata siku moja."

"Mnaiosha kwa maji gani?"

Abizer alimwonyesha bomba lililokuwa kando ya kiwanja. "Ya kisima changu mwenyewe. Nilikichimba kwa kazi hiyo tu."

Gertruda alishuka, akafungua bomba, akajaza kikombe cha chupa yake ya chai na kumpelekea.

"Kunywa, mzee."

Abizer alikisukuma kikombe kwa mgongo wa mkono. "Nani anakunywa maji hayo? Yana chumvi."

Gertruda alikwenda kukunja ngazi.