Kikombe Juu ya Jiwe Jeupe

Mimi sinunui marumaru kwa picha ya simu. Mteja akinitumia picha ya jiko la Ulaya na kusema, "Fundi, nataka kama hili," namjibu aje tukaliguse jiwe lenyewe, au atafute fundi mwingine. Bamba la jiwe jeupe unaligonga kwa kifundo cha kidole na kulisikiliza. Likilia, ni zima. Likijibu kwa sauti ya kibuyu, lina ufa ndani, hata kama macho hayauoni. Kisha unalimwagia maji na kuyatazama yakikauka, maana kwenye ufa maji hukauka mwisho. Halafu, mteja akiwa amesimama hapo hapo, natoa limau mfukoni, nakamua tone moja juu ya kipande cha kujaribia, tunasubiri kidogo, nafuta. Pale palipokuwa na tone hapang'ai tena. Wengi hufikiri ni doa, wanaanza kusugua. Nawaambia waache kujisumbua: doa huingia kwenye jiwe, lakini hapa jiwe limeliwa. Limau, siki, nyanya, soda, dawa ya kusafishia choo, vyote hula marumaru. Na kwa watu wa Iringa naongeza cha sita, ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Naitwa Clement. Karakana yangu iko Ipogolo, kando ya barabara kuu, ambako malori yanavuta pumzi kabla ya safari ndefu. Nimekata mawe kwa miaka ishirini na mbili na hakuna mteja aliyenirudishia kazi. Nina hasira za karibu pia. Nalisema hilo mapema ili usinihurumie kabla ya wakati wake.

Mke wangu Yusta alikuwa mtu wa Kalenga. Baba yao aliwaachia yeye na kaka yake Timotheo kichaka cha mianzi karibu na mto, na kila mvua zikianza Timotheo hugema ulanzi pale. Anakata ncha ya mwanzi mchanga, anafunga kipande cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na maji yanadondoka humo. Siku ya kwanza ni matamu, hata mtoto anakunywa. Siku ya tatu utaimba nyimbo usizozijua.

Miaka kumi na tisa ya ndoa yetu Yusta alipikia jiko la nje, mafiga matatu na mabati yaliyokuwa meusi kwa masizi. Mimi nilikuwa nikiwajengea wake za watu majiko ya marumaru. Kinyozi hajinyoi. Kisha siku moja huko Mbeya bamba kubwa likavunjika kona wakati wa kushusha, mwenye nyumba akalikataa, nikalileta kwangu. Lilikuwa jeupe kama ugali wa sembe, na mshipa mmoja wa kijivu uliopita katikati. Nikajenga jiko ndani ya nyumba. Nililaza lile jiwe kwa pima maji mpaka tone la maji lilikaa pale nilipoliweka, lisijue liende wapi.

Yusta alisimama mlangoni, ameshavua kandambili. Akaja akalipapasa kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Baba Rabson," akasema, huku anacheka, "jiwe yako mimi naiogopa."

"Usiiogope. Ifuate masharti yake."

Nikampa masharti. Asikatie limau juu yake. Asiweke sufuria iliyotoka motoni. Kikombe kikae juu ya kitambaa. Afute kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha akaushe, maji yasilale hapo. Kwa kila sharti aliitika, "Haya."

Baada ya hapo nilifanya jambo nililoliona la akili sana. Nikaanza kuleta wateja nyumbani waone jiko. Yusta angekuwa anasonga ugali, mara mimi huyo, naingia na watu asiowajua, wanainama kuchungulia maungio, wanapitisha vidole kwenye ukingo. Yeye anasogea pembeni na mwiko wake. Polepole akahamishia mapishi mazito kule nje, ndani akabaki na chai tu. Niliona, na sikusema kitu, kwa sababu jiwe lilibaki jeupe. Nilikuwa nawaambia wateja, "Tazama, miaka miwili, hata alama moja." Ilikuwa kweli. Jiko lilikuwa halipikiwi.

Mwezi wa kwanza mwaka jana nilikwenda Mbeya kupima nyumba ya mama mmoja anayeitwa Eveline, mfanyabiashara wa parachichi. Alitaka marumaru nyeupe jikoni na bafuni, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Tuligonga mabamba siku mbili. Alikuwa na maswali mengi na sikio zuri, aliusikia ufa kabla sijamwonyesha. Akasema kesho yake ana safari ya Iringa, basi atanipa lifti, na njiani ataliona hilo jiko langu ninalolisifia. Nikampigia Yusta simu kwamba saa sita mchana nitakuwa nyumbani. Sikumwambia kwamba naja na mgeni. Malori yalitukwamisha karibu na Makambako, tukafika saa kumi.

Nilimtanguliza mgeni jikoni kwa mbwembwe. Juu ya jiwe, bila kitambaa, kilikuwepo kikombe cha bati kimejaa ulanzi mpaka mdomoni. Povu lilikuwa limefurika na kutelemka, na pembeni ya kikombe palikuwa na dimbwi dogo lililoanza kukauka. Nikakiinua. Chini yake palikuwa na duara. Kila mtu angeliona, hata mtu asiyejua jiwe.

Yusta alitoka chumbani anafunga kitenge vizuri. Alikuwa amevaa ile blauzi ya kanisani. Uso wake ulikuwa na furaha, na sasa ninapolikumbuka hilo nashindwa kukaa.

"Kamwene, mmefika? Baba Rabson, nilikuwa na—"

Sikumwacha amalize. Nikaumwaga ule ulanzi wote nje kwa dirisha, kikombe nikakibamiza kwenye sinki. "Hii ni nini? Nimekujengea jiko la watu, wewe unaligeuza kilabu cha pombe? Umezaliwa kwenye moshi, basi kaa huko huko kwenye moshi!"

Niliyasema mbele ya mgeni. Yusta alinitazama, akamtazama Eveline, akasema, "Karibu, dada. Samahani." Akachukua kile kikombe, akatoka nacho.

Eveline akainama juu ya lile duara. Kisha akauliza, "Fundi, si uliniambia alama ya hivi inaondoka?"

"Inaondoka. Msasa na mkono. Dakika arobaini."

"Dakika arobaini tu?" Akatikisa kichwa. "Basi jikoni niwekee granaiti nyeusi. Jiwe la kunifanya nigombezwe nyumbani kwangu silitaki. Marumaru utaniwekea bafuni."

Alipoondoka nikachukua msasa wa maji, kuanzia mkali hadi laini, nikasugua lile duara mpaka likaisha. Kweli zilikuwa dakika arobaini. Jiwe likang'aa kama siku ya kwanza, na mimi nikawa na kinyongo, kwamba Yusta kanikosesha nusu ya kazi.

Yeye alinitii. Tangu siku ile alipikia nje, kila kitu, hata maji ya chai. Hakununa. Alinisalimia asubuhi, aliniwekea chakula mezani, alinicheka niliporudi na unga wa jiwe kwenye nyusi. Lakini jikoni hakukanyaga. Mwezi wa nne nikanunua jiko la gesi la plate mbili, nikaliweka juu ya marumaru, nikamwita. Ile ndiyo ilikuwa namna yangu ya kuomba msamaha, kwa sababu ulimi wangu ukijua kutukana haujui kurudi. Alisimama pale pale mlangoni, akasema, "Asante, Baba Rabson, ni zuri." Akalifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akarudi nje.

Nilipanga kumwambia mvua zikianza. Nilikuwa nimeshaipanga picha nzima kichwani: Timotheo ataleta mbeta ya kwanza, mimi mwenyewe nitammiminia Yusta kikombe, nitakiweka juu ya jiwe bila kitambaa, niseme, "Mama Rabson, kaa hapa unywe." Nilijiona mjanja kwa mpango huo. Niliona miezi ipo.

Mwezi wa nane, asubuhi ya baridi kali, jirani alisikia sufuria ikianguka. Tulimkuta Yusta kwenye jiko la nje, amelala ubavu karibu na mafiga, mdomo umepinda upande mmoja. Presha. Hospitalini alikaa siku tatu. Macho yalikuwa wazi lakini maneno hayakuja. Nilimshika mkono nikamwambia yote, kwamba nilikosea, kwamba jiko ni lake, kwamba jiwe ni jiwe tu. Nililia na wauguzi wananiona. Mkono wake haukunijibu. Mpaka leo sijui kama alinisikia, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Tulimzika Kalenga, karibu na ile mianzi, kwa kuwa ndugu zake waliomba na mimi sikuwa na haki ya kubisha. Kaburi halijengewi haraka, udongo lazima ushuke kwanza. Nilisubiri miezi mitano. Rabson, mwanangu, alipiga simu kutoka Dodoma akisema tununue vigae vyeupe, vipo vizuri sokoni. Nikamwambia jiwe la mama yako lipo.

Nililing'oa lile bamba jikoni kwangu peke yangu. Marumaru iliyolazwa vizuri haitoki kirahisi, na mimi nililaza vizuri. Nilikata gundi kwa waya siku nzima. Lilipotoka, kabati zikabaki wazi. Jiko la gesi nikaliweka chini sakafuni, na kitambaa chake.

Ilikuwa tena mwezi wa kwanza, mvua imepumzika tangu jana yake. Mimi na Timotheo tulilaza bamba juu ya kaburi. Nikaliwekea pima maji, nikafuta vumbi, nikaliangalia jiwe kwa pembeni dhidi ya mwanga kama ninavyofanya kwa kazi ya mteja. Hapakuwa na alama hata moja.

Timotheo akaenda kwenye mianzi, akarudi na mbeta ya kwanza ya mwaka na kikombe. Sisi ni Wakatoliki, na sala tulikuwa tumeshasali, lakini huku aliyetangulia hanyimwi cha kwanza. Akamimina kidogo kwenye udongo, mbali na jiwe, kwa uangalifu mkubwa.

"Nisije nikaharibu kazi yako, shemeji," akasema.

Nikakunja kitambaa cha vumbi. Akakaa juu ya gogo.

"Kuna kitu nilikatazwa kukwambia," akasema. "Sasa aliyenikataza kalala hapo. Kile kikombe cha mwaka jana, shemeji. Mimi ndiye niliyeleta ule ulanzi. Yusta hakuuonja hata tone. Unajua sisi kwetu, wa kwanza hauguswi mpaka mwenye nyumba aonje. Alikumiminia wewe. Ulisema saa sita unafika."

Nilisikia mianzi ikigongana kwa upepo.

"Nilimwambia hiyo jiwe mumeo anaionea wivu, kiweke hata mezani. Akasema hapana, mahali pazuri kuliko pote kwenye hii nyumba ni pale, mume wangu alipajenga mwenyewe, basi kikombe chake kikae pale akiingia akione. Baadaye nilipotaka kuja kukwambia, akanikataza. Akasema niache, ukijua utaumia, na kazi umeshaikosa."

Niliona dirisha lile, na ule ulanzi ukiruka nje. Nilikuwa nimeumwaga wangu. Miezi saba mwanamke yule alipika kwenye moshi akinificha hilo, ili nisiumie.

Nilimwomba Timotheo kikombe. Akanijazia mpaka mdomoni. Nikanywa kidogo tu, kama inavyotakiwa kuonja, na ulikuwa mtamu. Povu likatelemka ubavuni mwa kikombe. Nikakiweka juu ya jiwe, katikati, karibu na ule mshipa wa kijivu.

"Shemeji," Timotheo akasema, "utakula jiwe."

"Najua."

Tukakaa. Aliniambia habari za mianzi, kwamba mwaka huu panya wameharibu machipukizi, kwamba mtoto wa jirani kajifunza kugema. Jua likahama kutoka upande mmoja wa kaburi kwenda mwingine. Tulipoinuka kuondoka nilichukua kikombe, nikafuta kwa kiganja. Duara lilikuwa pale, ukubwa ule ule.

"Utakuja kuiondoa lini?" Timotheo akauliza. "Si huwa unasema ni dakika arobaini?"

Nikamwambia msasa nimeusahau Ipogolo. Ulikuwa kwenye ndoo ya vifaa, katikati yetu, na yeye ndiye aliyeibeba ile ndoo mpaka kwenye gari.