Matairi ya Kusikilizana

Mtaani walimwita Chachu, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa mwoka mikate, tena mtu wa polepole. Jambo ukimwambia leo lilimkaa kifuani, likaumuka taratibu, na ulipokwisha kulisahau ndipo alipokujia na jibu. Hata gari alilinunua hivyo hivyo. Miaka nenda miaka rudi aliendesha kigari cha kusambazia mikate, kilichonuka unga mpaka kwenye usukani. Kisha siku moja, watoto wakiwa wamekwisha kujitegemea, akarudi nyumbani na gari kubwa la kifahari. Lilikuwa limeshatumika lakini limetunzwa, lina viti vya ngozi, na milango yake ikifungwa iliguna kidogo, kama mtu aliyeshiba.

Mkewe alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule mikono ya kwanza kuwashika ilikuwa yake. Chachu, licha ya wajukuu wote waliojaa nyumbani, bado alimwita Bibi Harusi. Lakini masikio ya Bibi Harusi, yale yale aliyokuwa akiyategemea kusikiliza mioyo ya watoto ambao hawajazaliwa, yalikuwa yameanza kumgomea. Hospitali walimpa mashine ndogo za kuvaa masikioni. Chumbani zilimfaa sana. Penye makelele zilimletea kila kitu kwa mpigo mmoja, sahani, redio, vicheko vya watoto, kama watu wanaogombea mlango mmoja.

Kwa hiyo gari ndilo lililogeuka kuwa baraza lao. Nyumbani palikuwa na televisheni na wajukuu, kwenye duka lao la mikate palikuwa na mashine za kukandia unga. Lakini Jumamosi alasiri, walipokwenda kumjulia hali dada mkubwa wa Bibi Harusi aliyekaa ng'ambo ya vilima, milango ilifungwa, dunia ikabaki nje, na wao wakazungumza. Walizungumzia watoto, majirani, bei ya sukari, ndoto za kipuuzi walizoota. Walifika wakiwa wamechangamka, wakarudi na mapya.

Siku matairi yalipokwisha, Chachu alimwendea shemeji yake, mdogo wa Bibi Harusi, mwenye malori, ambaye jina lake la mtaani lilikuwa Tani Kumi. Tani Kumi kila swali alilijibu kwa lori. Alimweleza shemeji yake kwamba gari zito halitaki tairi la kubembeleza, linataka lenye meno, ili jiwe liliogope tairi na siyo tairi liliogope jiwe. Chachu aliyatazama matairi aliyoonyeshwa yalivyojaa na kutuna, akayapenda. Yakafungwa, na gari likasimama kama fahali.

Barabara ya vilimani lami yake ilikuwa ya kokoto. Matairi yalipoikanyaga yalivuma, na mwendo ulipoongezeka mvumo nao ukaongezeka. Kwa Chachu haukuwa kitu. Alikuwa ameishi na mashine za unga maisha yake yote, akauzoea siku ile ile. Aliendelea kusimulia, na mkewe aliendelea kuitikia kwa kichwa, mara anacheka, mara anaguna. Aliona tu kwamba Bibi Harusi amekuwa msikilizaji mzuri kuliko zamani.

Basi Jumamosi moja akalitoa jambo lililokuwa likiumuka ndani yake kwa muda mrefu. Alisema amechoka kuamka kabla ya majogoo. Alisema anataka kumkabidhi duka binti yao mkubwa, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akiliendesha, na wao wawili wahamie kwenye ile nyumba yao ndogo karibu na kwa dada mkubwa, yenye uwanja nyuma. Aliyasema macho yakiwa barabarani. Alipogeuka, mkewe alikuwa akitazama vilima. Akatabasamu, akakubali kwa kichwa mara mbili. Chachu alishusha pumzi. Alikuwa amejiandaa kwa vita, amekaribishwa chai.

Hakuchelewa safari hii. Jumatatu alimwambia binti, na jioni binti akaja mbio nyumbani, hata aproni hajavua, akamkumbatia mama yake aliyekuwa sebuleni akikunja nguo.

"Asante, mama. Duka ni sawa, lakini sikutegemea ungekubali kuhama upesi hivi."

"Kuhama nani?" akauliza Bibi Harusi.

Binti akamtazama baba yake aliyekuwa anaingia. Chachu naye akamtazama mkewe. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeona ngazi inateleza, kwamba alimuuliza garini na yeye akakubali kwa kichwa. Bibi Harusi aliweka chini shuka alilokuwa akilikunja. Akamwomba binti akawaangalie watoto jikoni, na mlango ulipofungwa akakaa.

"Tangu ufunge yale matairi, sisikii unachosema," alisema. "Nikiona unacheka, nacheka. Nikiona umekunja uso, naguna. Siku ile ulikuwa na uso wa mtu anayesifia vilima, nami nikakubali kwamba vinapendeza."

Chachu aliketi karibu naye. Akauliza kwa nini hakumwambia.

"Mtu wa 'unasemaje, unasemaje' mwishowe huachwa kusemeshwa. Nilimwona mama yangu. Watu walimpenda, walimletea matunda, lakini hawakumweleza kitu. Nikaona heri niitikie."

Maneno hayo yalimwingia. Alikumbuka Jumamosi zote zile alizodhani wanazungumza, kumbe mmoja alikuwa anahutubia na mwingine ameketi peke yake. Safari hii jambo halikumchukua muda kuumuka. Alisema kesho asubuhi wanakwenda kubadilisha matairi, na wanakwenda wote wawili. Bibi Harusi alicheka kidogo, akasema wenzake wakikosana hupelekwa kwa wazee, yeye anapelekwa kwa muuza matairi.

Muuza matairi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Duka lake lilinukia mpira mpya. Hakukimbilia kuonyesha bidhaa. Alianza na maswali: wanapita barabara gani, wanaendesha kwa kasi gani, na kelele inayowakera ni ya namna gani. Chachu alimweleza bila kuficha kwamba wanatafuta matairi yatakayomwezesha mke wake kumsikia akiongea. Yule mama akavaa miwani, akawatazama wote wawili kwa upole, akasema hilo ni ombi zuri na afadhali wamelisema wazi, maana wengi humwomba tairi zuri tu, na zuri la huyu siyo la yule.

Aliwaonyesha tairi la mpira laini, lenye mifereji myembamba, na ndani limebandikwa sponji ya kumeza mvumo. Hilo lingeingia kwenye rimu zake zile zile. Kisha akaonyesha njia ya pili: kushuka kwenye rimu ndogo kidogo, ili tairi liwe na ubavu mnene. Ubavu mnene hulala juu ya kokoto kama godoro, alisema, na uzito wa gari utabebwa vilevile. Ila mpira laini huisha mapema kuliko ule mgumu, asije akasema hakuambiwa.

Chachu aliguna. Rimu zake zilikuwa kubwa, za kung'aa, na kila Ijumaa alizisugua kwa mkono wake mwenyewe. Moyo wake ulikuwa kwenye sponji. Lakini Bibi Harusi alisema yeye hachagui kwa macho. Mtoto hapimwi kwa blanketi alilofungwa. Wafunge moja, waende, wafunge la pili, waende, naye atasema.

Ndivyo ilivyofanyika. Walianza na yale ya sponji, wakatoka mpaka kwenye kipande cha lami mbovu nyuma ya maghala. Kweli mvumo ulikuwa umepungua sana. Chachu alianza kujaribu: moja, mbili, tatu.

"Hizo nilizijua kabla hujanioa," alisema mkewe. "Sema kitu nisichokijua."

Alifikiri, kisha akasema amechoka na unga.

"Punda gani?"

Walicheka wote wawili mpaka akalazimika kupunguza mwendo. Wakarudi, mafundi wakafunga zile rimu ndogo, wakapita pale pale kwenye kokoto. Safari hii gari lilipita kana kwamba barabara imetandikwa blanketi. Chachu alisikia saa ya mkononi ya mkewe ikigonga kitasa cha mlango. Hakuhesabu namba. Kwa sauti yake ya kawaida, bila kugeuza uso, alimuuliza tena habari ya duka, ya binti, na ya nyumba ndogo ng'ambo ya vilima.

Bibi Harusi hakuitikia kwa kichwa. Alinyamaza mpaka walipofika mwisho wa maghala, naye Chachu akaona ukimya huu si sawa na ule wa zamani. Ulikuwa wa mtu anayefikiri.

"Duka mpe, tena ulichelewa," alisema mwishowe. "Kuhama nakubali, lakini siyo mwaka huu. Wa mwisho wa binti yetu bado ananyonya, nami nataka nimwone akitembea. Na ukishampa duka, usiende kila asubuhi kuonja mikate ya watu na kukunja pua."

"Hata mara moja kwa wiki?"

"Ukialikwa."

Alikubali. Lilikuwa jibu refu kuliko alilodhani amepewa mwanzo, tena lenye masharti, na lilimpendeza kuliko lile la kutikisiwa kichwa mara mbili. Walirudi dukani, akachukua rimu ndogo. Zile kubwa aliziacha zimeegemea ukuta ziuzwe, akazigusa kidogo kama mtu anayewaaga wageni aliowapenda, akaondoka.

Tani Kumi alilikuta gari limeegeshwa mbele ya duka la mikate, Bibi Harusi ameketi ndani akimsubiri mumewe. Alilizunguka, akatikisa kichwa, akanong'ona kwa Chachu kwamba gari la kifalme amelivisha malapa.

"Nimekusikia," alisema dada yake kutoka ndani, kioo kikiwa kimeshushwa nusu. Tani Kumi akanunua mkate wa moto wa kumwombea radhi, kisha akaula mwenyewe papo hapo.

Jumamosi walikwenda ng'ambo ya vilima. Walibishana njia nzima kuhusu mahali pa kupanda mipapai kwenye uwanja wa nyumba ndogo, na kila mmoja alipata zamu ya kukosea. Walipoingia uani, dada mkubwa alikuwa barazani, miguu ndani ya beseni la maji, kichwani amejifunga taulo, anaimba kwa sauti wimbo usio na heshima sana. Aliruka, maji yakamwagika.

"Mmekuja kwa miguu?" aliuliza, akilitafuta taulo lililoanguka. Alilalamika kwamba zamani aliyasikia matairi yao yakivuma tangu kwenye kona, akapata nafasi ya kubadilisha nguo na kuwa mtu mzima.

Bibi Harusi alimwambia asijisumbue, aendelee na ubeti wa pili, kwa sababu wa kwanza ameusikia wote. Dada alimtazama mdogo wake, akatazama mashine ndogo masikioni mwake, akarudisha miguu ndani ya beseni. Kisha akaanza upya, taratibu zaidi, na Chachu akaenda kuvuta viti viwili.