Nguzo Nje ya Mchoro

Usta Gaballah, msimamizi wa ujenzi pale Iskandaria, alimkaribisha mhandisi Nermin kwa chai kabla hajauliza lolote. Hilo lilimtia shaka. Akaiweka glasi chini, akaitazama boriti ya zege, yenye kimo cha mtu mzima, iliyobeba ghorofa sita. Upande wake wa chini, katikati, palikuwa na ufa uliopakwa rangi mbichi.

"Usta, nguzo hii inayoshika mwisho wa boriti mmeijenga mahali pake kwenye mchoro?"

"Wallahi, Bi Mhandisi! Na boriti nene vile itapinda wapi?"

Nermin akavuta futi ya kupimia, akalinganisha na mchoro. Nguzo ilikuwa imesogezwa nje mita moja na nusu, ili magari yapite.

"Hata iwe nene vipi, ukizisogeza nguzo zake mbalimbali, tumbo lake la chini litachanika. Washushe watu wote sasa hivi."

Gaballah akanywea, kisha akaanza kuwaita mafundi.