Jirani wa Magharibi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama katikati ya shamba ambalo asubuhi hii nilikuwa niende kulinunua. Nimevaa suti yangu ya harusi, na mkononi nina mche wa mpapai unaonitazama kwa mashaka.

Niseme kwanza hali yangu. Nimewatengenezea watu wa Mwanza miwani mpaka macho yangu mwenyewe yamechoka. Sasa nimestaafu, na kiinua mgongo chote nimekitenga kwa shamba dogo kule bonde la Magu, nifuge bata na kuotesha mapapai. Sitafuti faida, natafuta raha ya uzeeni. Dalali, Bwana Masunga, alisema kuna mtu mwingine analitaka, nisipotia saini leo basi tena. Mke wangu Minza alisema ardhi ya kiangazi ni kama mchumba aliyekuja kujitambulisha, kila kitu chake kizuri, kwa hiyo tungoje tuione masika. Nikamjibu vibaya.

Kabla ya kulala akalichukua bonge la udongo nililochimbua shambani, kutoka kwenye shimo la kufika gotini, akalitumbukiza kwenye karai la maji jikoni. Alitaka kujua kama udongo huo unakunywa maji au unayatuamisha. Nikaona ananichimba tu, nikageukia ukutani.

Basi ndotoni tupo shambani. Masunga anapima, lakini futi kamba inakataa kufunguka. Inasema haiwezi kupima kitu ambacho kuna miezi hakipo. Nikamuuliza Masunga ina maana gani. Akasema aliinunua mnadani, nisiisikilize.

Mara njia tuliyojia ikaanza kukunjwa. Bibi mmoja anaikunja kama mkeka, kuanzia miguuni petu, na baiskeli za watu zimo humo humo.

"Shikamoo, bibi. Sasa sisi tutatokaje?"

"Marahaba. Kwani nani alikwambia njia ni ya shamba? Njia ni yangu. Niliwaazima."

Akaitia kwapani, akaenda zake. Nilijiona mjinga kweli, kwa sababu nilikuwa nimeuliza habari za udongo, za ua na hata za mchwa, lakini sikuwahi kuuliza njia ni ya nani.

Mwenyekiti wa kijiji anatokea, anasema ardhi haiuzwi mpaka majirani wa mipaka yote minne washuhudie. Amepanga vigoda vinne, kimoja kila upande. Kaskazini ameketi ng'ombe. Anaeleza kwa adabu kwamba yeye na ndugu zake hupita hapa kila baada ya mavuno, walipita enzi za babu yake, na mapapai hayajawahi kuwaudhi. Anachovya kwato kwenye wino, anatia saini.

Mashariki limeketi kaburi. Ni la bibi yake muuzaji, fupi, limepakwa chokaa. Linaomba tu wajukuu waruhusiwe kuja kupalilia, na bata wasilalie kichwani kwake. Nikakubali, ingawa hakuna aliyekuwa amenitajia kaburi.

Kusini ameketi Minza, anamenya karanga.

"Mama Limi, wewe umekuwaje jirani wa hapa?"

"Nimepakana na wewe miaka yote hii," akasema bila kuinua macho. "Hata mimi hukuniita kushuhudia."

Niliona haya. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, lakini mwenyekiti alikuwa ameshahamia upande wa magharibi.

Kigoda cha magharibi ni kitupu.

"Magharibi hakuna mtu," anasema Masunga. "Andika hakuna."

Kigoda chenyewe kinachuruzika maji. Hakuna anayeshangaa ila mimi.

"Yupo," ikasema sauti kutoka chini. "Amesafiri."

Nikainama. Ndani ya udongo amejikunja kiumbe mwembamba asiye na shingo, amejifunika blanketi la matope makavu. Macho yake ni kama punje za mtama. Nikamuuliza kama yeye ndiye jirani.

"Mimi mlinzi tu. Mwenyewe ameniambia nilale mpaka arudi. Huwa anarudi masika. Lakini mimi sipo tena hapa, mzee. Ulinichimbua ukanipeleka mjini."

"Mjini wapi?"

"Jikoni kwako."

Natazama, kumbe kweli tupo jikoni kwangu. Shamba linaanzia kwenye kabati na kuishia kwenye jiko la mkaa, na ng'ombe amebanwa mlangoni. Sielewi tumefikaje, na nikiuliza kila mtu anasema tumekuja na njia ile ile.

Hapo mwenye kigoda akaingia. Alikuwa mto. Anahema, amebeba masufuria ya watu, kuku wawili na mlango wa choo. Hakunisalimu. Akajilaza shamba zima, kutoka ua wa minyaa wa huku hadi ua wa kule.

"Samahani," nikamwambia, "shamba hili nalinunua mimi leo."

"Nunua," akasema. "Nikiondoka utalikuta."

Maji yananifika kwenye tai. Masunga bado anaandika hakuna, na karatasi yake inaelea. Mche wa mpapai unasema ulijua. Mimi nimeshikwa na hofu ya kweli, maana uzee wangu wote umo chini ya maji yale na sijui pa kuushika.

Nikaamshwa na sauti ya Minza kutoka jikoni. "Baba Limi, njoo uuone udongo wako."

Maji ndani ya karai hayakuwa yamepungua hata kidogo. Bonge lilikuwa limepasuka, na katikati yake samaki mwembamba kama kidole alikuwa akinyanyua mdomo juu ya maji, anavuta hewa. Macho yake yalikuwa kama punje za mtama. Minza amezaliwa kando ya ziwa, hakuhitaji kuambiwa. Alisema ni kamongo, samaki anayelala ndani ya tope kiangazi kizima, na kamongo hajichimbii mahali ambapo maji hayarudi. Nikamwomba radhi, naye akanisogezea kigoda.

Simu ikaita. Masunga alikuwa ameshafika ofisi ya kijiji na majirani wote, ananisubiri mimi tu. Nikamuuliza upande wa magharibi amemleta nani.

"Magharibi hakuna mtu, mzee."

"Yupo," nikamwambia. "Mlinzi wake ninaye hapa jikoni. Ndiyo kwanza ameamka."